Alama ya Kuuliza

Barua ilikuja bila bahasha, bila stempu:
zimebaki siku thelathini.
Kadi aliyolipia Nolfa imekufa
miezi mitatu baada ya mwenye kadi,
na huko juu, kwenye wingu,
kila alichokiweka kitafutwa.

Wingu! Mimi ni mtu wa Punta Arenas,
mawingu nayajua. Hapa hayakai.
Asubuhi yanatoka magharibi,
saa sita yameshavuka mlango wa bahari,
na siku za upepo mkali manispaa hufunga kamba
kwenye pembe za barabara, watu wasipeperuke.
Nilimwuliza zamani: mke wangu,
nani huweka picha za harusi mahali kama hapo?
Akacheka. Mali bila daftari, akasema,
hupotea bila habari,
na daftari siku hizi liko juu.

Mjukuu wetu Yanara akaleta diski ya nje,
nyeusi, nyembamba kuliko kipande cha mkate,
akachomeka kebo, akaniandikia nywila
mgongoni mwa risiti ya duka la dawa,
akarudi kwenye zamu yake hospitalini.
"Babu, usizime. Usiguse. Subiri tu."

Kusubiri nakuweza.
Miaka thelathini na mmoja nilinyoa kondoo wa watu;
najua kushika kiumbe kinachotetemeka
na kukiambia tulia, bado kidogo.
Nikaiwekea diski kiganja.
Ilikuwa na joto.

Faili elfu arobaini na moja, mia mbili na kumi na sita.
Zikaanza kushuka.
Risiti za gesi. Eksirei ya goti langu.
Theluji ya mwaka ule gari lilipozikwa.
Mapishi ya jemu, mara nne, kila mara sukari imepungua.
Sauti yake akimfokea mbwa ambaye naye hayupo.
Folda iitwayo Mbalimbali, na ndani yake
folda nyingine: Mbalimbali Kweli.

Asilimia sitini na tatu, umeme ukakatika.
Nikakaa gizani, kebo mkononi,
kama wale wa barabarani na kamba zao.
Uliporudi nikaanza upya, toka sifuri.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame;
changu kilikuwa juu,
na shingo ikaniuma vilevile.

Saa nane usiku zote zilikuwa zimeshuka, ila moja.
Kompyuta ikakataa: jina lina alama isiyoruhusiwa.
Nikavaa miwani. Faili yenyewe iliitwa

*Baldomero, umekula?*

Nikampigia Yanara. Alikuwa macho.
"Ni ile alama ya kuuliza, Babu.
Wingu linaikubali, diski haiitaki.
Ifute, itapita."

Nikakaa nayo.
Miaka arobaini niliulizwa hivyo,
mlangoni, kwa simu, kupitia ukuta wa bafu,
na mara nyingi nilijibu kwa mguno.
Kidole kikawa kizito juu ya kitufe kimoja kidogo.
Nikafuta.

*Baldomero, umekula*

Ikapita papo hapo. Ilikuwa picha:
sahani yangu mezani, imefunikwa kitambaa cha buluu,
na tarehe ya usiku mmoja niliochelewa
kwa sababu nisiyotaka kuikumbuka.

Nikaiaga diski kwa utaratibu alionifundisha mtoto,
ndipo nikachomoa kebo.
Nimeitia kwenye kopo la biskuti,
kopo liko kabatini, nyuma ya chumvi,
mahali ambapo hata upepo wa kwetu
haujapata kufika.

Nikarudi kuketi, na jina lile likanisumbua.
Lilisema uongo.
Tangu jana mchana sikuwa nimetia kitu mdomoni.
Basi nikawasha jiko, saa tisa ya usiku,
nikapasha supu, nikala nimesimama,
ili kilichoandikwa humo kiwe kweli.